Kuandaa Kalenda ya Mezani ya Anga la Afrika Mashariki, Hatua kwa Hatua

Kalenda nyingi za anga zinazouzwa zimeandaliwa kwa ajili ya mtu aliyeko Ulaya au Marekani, na anayeitegemea akiwa Dodoma au Mombasa huweza kutoka nje usiku usio wenyewe. Zifuatazo ni hatua ninazozifuata ninapoandaa yangu. Mifano ni ya mwaka 2026.

Hatua ya kwanza ni tarehe, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Majedwali ya falaki hufuata saa za kimataifa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Mwezi mpevu wa Juni 2026 umeandikwa tarehe 29, dakika chache kabla ya saa sita usiku, lakini kwetu ni karibu saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 30. Ongeza saa tatu kwa kila tukio, moja baada ya jingine, kisha uandike kwa saa za Kiswahili: kupatwa kwa sehemu ya mwezi tarehe 28 Agosti kunaanza saa 11:34 alfajiri, na ukiandika 5:34 msomaji atakungoja karibu na saa sita.

Pili, fungua Stellarium, programu ya bure, weka mji wako na uhakikishe kwamba tukio litaonekana hapo. Kupatwa kikamilifu kwa jua tarehe 12 Agosti kunapita Greenland, Iceland na Hispania, kwa hiyo nakuacha. Badala yake naweka sayari za Zuhura na Mushtari, zitakazokaribiana upande wa magharibi jioni ya 9 Juni, pamoja na Kilimia, kishada cha nyota ambacho huzama katika mwanga wa jua mwezi Mei na kuzuka alfajiri mwezi Juni. Wahenga walisema, "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua", na kwangu ukurasa wa Mei usio na Kilimia haujakamilika.

Tatu, chora alama za mwezi upya. Hilali yetu hulala kama mtumbwi, pembe zikielekea juu, ilhali michoro ya kaskazini huisimamisha wima.

Nne, picha. Nyingi za NASA hazina hakimiliki, ila nembo yake usiitumie. Za darubini ya Webb zinazotolewa na ESA, shirika la anga la Ulaya, zinahitaji utaje chanzo. Kwa ukurasa wa A5 uliolazwa, tafuta picha yenye angalau pikseli 2480 kwa 1748, na uongeze milimita 3 kila upande za kukatia.

Mwisho ni uchapaji. Karatasi hunyonya wino, na weusi wa anga humeza rangi hafifu: Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi angani, iliwahi kunitokea kama doa jeusi kwa sababu niliamini mwangaza wa kioo cha kompyuta. Ing'arishe picha kidogo, uchapishe ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba, na uutazame mchana, dirishani. Ukiridhika, chapisha zote, toboa matundu juu, pitisha waya wa spairo, na uzifunge kwenye kadi ngumu iliyokunjwa pembetatu.