Mkate wa kumimina kama unavyopikwa jikoni kwa bibi, Wete

Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, haukandwi wala hausukumwi. Rojo la mchele na tui la nazi huumuliwa kwa hamira, likamiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, likapikwa kwa moto wa chini na wa juu. Kwa maelezo hayo mafupi mtu anaweza kudhani kuwa ni pishi jepesi, nami nilidhani hivyo mpaka mikate yangu mitatu ya mwanzo, niliyoipika nyumbani Unguja, ilipotoka wa kwanza bapa kama chapati nene, wa pili mchachu, na wa tatu umeungua chini na huku katikati ni mbichi. Nilipokwenda Pemba kumtembelea bibi, nilikaa naye jikoni na daftari pamoja na kikombe cha kupimia, kwa sababu yeye hupima kwa bakuli moja la zamani na kwa jicho. Kila alipotaka kutia kitu nilimwomba anipe kwanza nikipime. Alinivumilia mara mbili, mara ya tatu akasema, "Mjukuu wangu, ukisha kuandika n'ambie, ndipo tupike."

Vipimo vilivyopatikana, kwa kikombe cha mililita 250, ni hivi: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki iliyopondwa nusu kijiko cha chai, ute wa yai moja, na samli kidogo ya kupaka. Wapo wanaotia sukari kikombe kizima, na mkate wao huliwa kwa chai tu. Kwa mtu anayekusudia kuula kwa mchuzi, robo tatu inatosha.

Mchele wa mpunga uliovunwa karibuni, kama unaotoka katika mabonde ya Pemba baada ya mavuno, ni mtamu kwa wali lakini hunata, na mkate wake huwa mzito wa kutafuna. Chagua mchele uliokaa muda, wenye punje ndefu zinazoachana; basmati unafaa sana. Uoshe mpaka maji yatoke meupe yasiyo na vumbi, kisha uroweke usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kumwaga maji, chukua punje moja uibane kwa kucha. Ikisagika yote ikawa unga, mchele uko tayari. Ukihisi kiini kigumu katikati, uache uendelee kulowana.

Kwa tui hilo, nazi mbili kubwa zilizokomaa zinatosha. Zikune kwa mbuzi, utie maji ya uvuguvugu kidogo tu, kisha uzikamue kwa kifumbu au kitambaa safi ili upate kasimele, yaani tui la kwanza lililo zito. Tui la pili lisiingie humu. Liweke kwa ajili ya mchuzi, na machicha wape kuku. Tui la kopo pia linafaa, lakini likiwa zito kama malai lilegeze kwa maji kidogo.

Zamani mchele huu ulitwangwa kwenye kinu na kuchekechwa, kazi ambayo bibi haikumbuki kwa hamu hata kidogo, na blenda yake aliipokea bila ya kinyongo. Saga mchele pamoja na tui, lakini usilitie lote kwa mara moja. Bakisha robo kikombe, ukiliongeza kadiri mashine inavyokataa kuzunguka. Hapa ndipo mkate wangu wa kwanza ulipoharibikia, kwani nililegeza rojo ili kuipunguzia blenda kazi, na rojo jepesi haliwezi kushika hewa ya hamira. Chovya vidole viwili usugue: ukihisi chenga kama mchanga wa pwani, endelea kusaga. Blenda ikizunguka kwa muda mrefu hupasha moto kilichomo ndani, kwa hiyo ipumzishe kati, na hamira uitie mwishoni pamoja na iliki, rojo likiwa na uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40 tu. Kidole kinapaswa kuhisi joto lisilokera, kwani rojo la moto huiua hamira.

Mimina rojo katika bakuli lenye nafasi, lifunike kwa kawa, uliache mahali pasipo upepo. Kwa joto la kawaida la kwetu linahitaji dakika 45 hadi saa nzima, na wakati wa kipupwe huchukua zaidi, hivyo usiifuate saa peke yake. Rojo lililo tayari huwa limepanda karibu mara mbili, juu yake pana vitundu vidogo, na ukiliinamisha bakuli kidogo uso wake hutikisika wote kwa pamoja. Ukiona ukingoni mwa bakuli pana alama iliyo juu kuliko rojo lenyewe, basi limepanda na kushuka, nawe umechelewa. Mkate wangu wa pili ulichachuka kwa sababu hiyo, maana nilikwenda sokoni nikazungumza. Rojo la namna hiyo bibi halimwagi. Huliongeza sukari kidogo akachoma vitumbua.

Sukari hutiwa baada ya kuumuka, si kabla, nami naona hii ndiyo hatua wanayoikosea wengi. Sukari inapoyeyuka hulegeza rojo, na mtu asiyeitarajia hali hiyo hudhani amekosea vipimo, akaongeza unga wa ngano, akapata kitu kingine kabisa. Tia sukari na ute wa yai uliopigwa kidogo, ukoroge taratibu kwa mwiko. Bibi hukoroga kuelekea upande mmoja tu. Nami nilipojaribu kukoroga pande zote alipokuwa ameinama kuchochea moto, sikuona tofauti, ingawa sikumwambia. Sasa inua upawa na utazame rojo linavyoanguka: linatakiwa lishuke kama utepe usiokatika, likae juu kidogo, kisha lizame. Liache dakika 15 lipande tena.

Chukua sufuria nzito yenye upana wa sentimita 22 hivi, uipake samli chini na pembeni, kisha uibandike kwenye seredani yenye makaa machache yaliyokwisha kuwaka na kushika majivu. Dondosha tone moja la rojo. Likigeuka jeupe na kukakamaa polepole, moto ni sawa, lakini likichemka kwa kelele, punguza makaa. Mimina rojo lisivuke nusu ya sufuria, ufunike kwa mfuniko bapa wa bati. Baada ya dakika 10 hadi 15 utaona uso umejaa matundu na ukingo umeanza kukauka. Hapo ndipo pa kupalia: hamisha makaa mengi kutoka chini, uyapange juu ya mfuniko, yakiwa mengi zaidi pembeni kuliko katikati, na chini uache mawili matatu tu. Mkate wangu wa tatu niliupalia bila kupunguza moto wa chini, na matokeo yake nimekwisha kuyaeleza. Usifunue kabla ya dakika 10 nyingine. Mwenye oveni aanze kwa moto mdogo wa jiko la gesi, kisha aihamishie sufuria ndani ya oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 20 hivi, mpaka juu pawe rangi ya kahawia.

Njiti ikitoka kavu, epua, lakini usikate mkate ungali wa moto, kwani utashikana na kisu na kuonekana mbichi. Wengine hunyunyiza zabibu juu; kwa maoni yangu huzama na kuacha mashimo yenye unyevu. Wakati wa futari sisi huula kwa mchuzi wa kuku, na asubuhi kwa chai ya maziwa. Usiuweke kwenye friji, kwani mchele hukakamaa. Uliobaki upashe kesho yake katika kikaango kilichofunikwa, kwa moto mdogo.

Siku ya nne niliupika peke yangu, naye akiwa amekaa kwenye kibao akichambua mchicha. Ulipopoa alikata kipande cha katikati, akakigeuza ubavu ili ayaone matundu yaliyosimama wima kama sega la nyuki, akakibonyeza kwa kidole kikainuka, kisha akauliza kama chai imechemka.