Kuprinti kikombe chenye picha ya konseti ya wakati wa vita, hatua kwa hatua

Habari wadau. Mwalimu wetu wa kwaya huku Nyakato alitimiza miaka 20 ya kupiga kinanda, wanakwaya tukachanga, na kwa vile mimi ndo nina mashine ya vikombe nikaachiwa kazi. Sikutaka kumwekea sura yake kama tunavyofanya kila siku hapa Mwanza, nikamtafutia picha ya Myra Hess, mama mpiga piano wa Uingereza, akipiga piano National Gallery, jumba la michoro la London, vita ya pili ya dunia. Kikombe cha kwanza nilikiharibu, ndo maana naandika.

Ijue kwanza picha yenyewe. Vita ilipoanza 1939 kumbi za muziki London zilifungwa, na michoro ya National Gallery ikahamishwa isije ikapigwa mabomu, kuta zikabaki tupu. Huyu mama akaomba apige muziki humohumo mchana, saa ya lanchi. Konseti ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Oktoba 1939, kiingilio shilingi moja ya Kiingereza, zikaendelea Jumatatu mpaka Ijumaa hadi 1946, jumla konseti 1,698, mabomu yalipozidi wakahamia vyumba vya chini. Hiyo shilingi moja inanigusa sana jamani, mtu katoka zake ofisini, nje kuna vita, nafasi zimejaa anakaa sakafuni anasikiliza muziki wa Bach.

Kwahiyo usikate watu ukabaki na mpiga piano peke yake. Wale waliokaa wanasikiliza ndo utamu wa hiyo picha. Panga hivi: anayekunywa kwa mkono wa kulia anaona nusu ya kulia ya picha, aliyekaa mbele yake anaona nusu ya kushoto, mi niliweka wasikilizaji kulia ili mwalimu akinywa chai awe anawaangalia wao.

Usichukue picha iliyotumwa Whatsapp, imeshaminywa. Eneo la kuprinti kikombe cha kawaida ni kama sentimita 20 kwa 9, kwahiyo tafuta faili lenye upana wa pikseli 2,400 hivi. Picha zilizopigwa na wapigapicha wa serikali ya Uingereza kabla ya Juni 1957 hatimiliki yake ya serikali imeshaisha, za watu binafsi ni habari nyingine, soma maelezo chini ya picha kabla hujauza hata kikombe kimoja. Na zile app za kung'arisha sura achana nazo kabisa, zinampa mtu macho na mdomo ambao hakuwa nao, na yule alikuwa mtu kweli, alikuwepo pale siku ile. Futa mikwaruzo na vumbi basi.

Sasa niliposhindwa mimi. Karatasi ya sablimesheni (ile ambayo wino wake unahamia kwenye kikombe kwa moto) inaprintiwa kinyume ili ikigeuzwa kwenye kikombe ikae sawa, mi nikasahau kugeuza. Picha ikiwa na maandishi utaona palepale, hii haikuwa nayo, nikaona iko poa kabisa. Kaka mmoja wa kwaya anayejua piano alikishika, akakizungusha polepole, akaniambia "Dada, huyu mama kakaa upande siyo." Piano kubwa ya kulala (grand) mfuniko wake unafungukia mkono wa kulia wa mpigaji, kwangu ulikuwa unafungukia kushoto. Tangu siku hiyo nakagua vitu vitatu: mfuniko wa piano, violini (inakaa bega la kushoto, upinde mkono wa kulia), na makoti ya wanaume, vifungo viko upande wao wa kulia. Kimoja tu kikiwa kinyume, simama.

Kwenye moto, kikombe kiwe kile kilichopakwa tabaka maalumu la sablimesheni, cha kawaida cha sokoni wino haushiki. Kifute vizuri, vumbi likibaki linaacha doa. Bana karatasi na teipu inayostahimili moto, ikabe kabisa. Mashine yangu naiweka nyuzi 180 dakika 3, yako ijaribu kwa kikombe cha hasara kwanza maana picha nyeusi na nyeupe haifichi kosa, moto ukizidi nyeusi inageuka kahawia, ukipungua inapauka. Umeme ukikatika katikati usirudie kikombe kilekile, picha itatoka na kivuli. Ukitoa vaa glavu, bandua karatasi kikiwa bado cha moto, halafu kiache kipoe chenyewe juu ya kitambaa kikavu.

Chini ya picha niliandika kwa herufi ndogo: Myra Hess, National Gallery, London. Kiingilio shilingi moja.

Mwambie utakayempa asikisugue kwa stilwaya, sponji na sabuni vinatosha. Cha mwalimu wetu kinakaa juu ya kinanda, chai anaweka pembeni.