Muvi ya zamani isivutwe ijaze kioo

Wapenzi wa muvi wa Dodoma, kabla hujasema picha za zamani zinachosha, shika rimoti kwanza. Sebule nyingi ninazoingia, kuanzia Area C hadi Nzuguni, nakuta runinga imeivuta picha mpaka ijaze kioo: nyuso zimepanuka, magurudumu ya gari yamekuwa mayai. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, muvi nyingi zilipigwa kwa umbo linalokaribia 4:3 (upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu), ilhali flati skrini zetu ni 16:9, pana zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3. Weusi utakaobaki pembeni uache, hujakosa kitu. (Kama weusi huo ulikuwepo tangu mwanzo na nyuso ziko sawa, usiguse mipangilio.)

Kwa muvi mpya, zima ile huduma ya kulainisha mwendo. Sinema kwa kawaida ni fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde. Runinga ikibuni nyingine za katikati, kila kitu kinateleza mno na ladha inapotea. Ijaribu kwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021. Kwangu mimi, hakuna muvi ya Kitanzania iliyopigwa kwa ustadi kuizidi.