Kuandika hadithi ya kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu: anza na pepo za bahari

Nimemaliza kupitia mswada wa kijana mmoja wa Mombasa kuhusu Ngome ya Yesu, boma la Wareno mjini humo lililozingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698. Anaandika vizuri, ila merikebu yake inatoka Goa, makao ya Wareno huko India, mwezi wa Julai, na hadithi nzima inategemea safari hiyo. Utaratibu tulioufuata ni huu.

Hatua ya 1: Chagua msimulizi. Mimi ningemwacha jemadari wa Kireno, nimchukue mtu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, aliyeingia ngomeni na Bwana Daud, aliyeshika uongozi mwaka 1697 maradhi yalipokwisha kuwamaliza karibu Wareno wote. Waswahili walikuwa pande zote mbili za ukuta.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya pepo. Tumia karatasi kubwa na penseli. Programu za kompyuta hukuonyesha kipande kipande, nawe unataka miezi yote 33 mbele ya macho. Waomani walifika Machi 1696, kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ikielekea kwisha. Msaada wa Goa ulifika siku ya Krismasi mwaka huohuo, kaskazi ikiwa imeshika. Julai ni kusi kali, upepo utokao kusini, na bandari ya Goa imefungwa na bahari. Lakini usifunge milango yote: chombo kinachotoka Msumbiji huja na kusi, na Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ilikuwa imetokea huko.

Kisha weka mwezi na maji. Bamvua, yaani maji kujaa na kutoka kupita kiasi, huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mombasa siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri. Kwa hiyo dau la kupenyeza chakula lipitishe kwenye giza la mwandamo, kabla ya alfajiri. Ukilipitisha saa nne usiku huohuo, maji yametoka na miamba iko wazi. Mwezi mpevu una maji yaleyale, lakini walinzi wanakuona.

Hatua ya 3: Nenda ngomeni ukaone vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná.

Hatua ya 4: Majina ya sehemu za chombo, kama tezi (nyuma), omo (mbele) na foromali (mti wa tanga): muulize nahodha mzee, si kamusi.

Hatua ya 5: Iandike kwanza sura ya mwisho. Ngome ilitekwa Desemba 1698, na merikebu za msaada zikatokea siku chache baadaye. Usizisogeze hata siku moja.