Somo: Kutumia tiba mbadala bila kujiumiza ukiwa na tatizo sugu la usingizi

Wapendwa, wengi wetu tunaosumbuliwa na usingizi tuna vidonge vya hospitali kwenye droo na mitishamba jikoni. Mitishamba siipingi. Ninachopinga ni kuvitumia vyote kimyakimya, daktari hajui na mganga naye hajui.

Hatua ya 1: Jua unaumwa nini. Ukikosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, hilo ni tatizo sugu. Lakini yupo anayelala usiku kucha na bado anaamka hoi, kwa sababu pumzi humkatika usingizini bila yeye kujua. Muulize unayelala naye: je, unakoroma kwa nguvu, ghafla unanyamaza kabisa, kisha unashtuka ukitweta? Kama ndivyo, usiguse pombe wala dawa ya kuleta usingizi, iwe ya dukani au ya shambani, mpaka upimwe. Vitu hivyo hulegeza misuli ya koo na kukuchelewesha kushtuka pumzi inapokata.

Hatua ya 2: Orodhesha kila kitu unachotumia. Vidonge, chai, unga wa mizizi, hata mafuta ya kujipaka. Mpelekee mfamasia orodha hiyo kabla ya kuongeza kipya. St John's wort, kwa mfano, ni mmea wa dawa ambao watu huununua kwa ajili ya msongo na usingizi, kumbe hupunguza nguvu ya ARV, vidonge vya uzazi wa mpango na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwanamke anaweza kupata mimba asiyoitarajia. Valeriani nayo, mzizi unaotumiwa kuleta usingizi, ukiichanganya na diazepamu (kidonge cha hospitali cha kutuliza) au pombe, usingizi unazidi kipimo.

Hatua ya 3: Jaribu kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo. Hapa naomba tuelewane kuhusu kungumanga, maana Pwani na Visiwani tumeizoea. Ukikwangua chembe mbili tatu kwenye maziwa ya moto, hicho ni kiungo tu. Ukifika gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja au viwili vya unga, hiyo ni sumu: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, unatapika, unaona vitu visivyokuwepo. Ubaya wake ni kwamba huchukua saa kadhaa kabla haijaanza kufanya kazi, kwa hiyo mtu hudhani haijamshika, anaongeza kijiko kingine.

Weka daftari: umekunywa nini, saa ngapi, umeamkaje. Wiki mbili zikipita bila nafuu, acha.

Hatua ya 4: Kagua chanzo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa. Omba kuona usajili, usione haya. Hata chupa yenye lebo nzuri si dhamana. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini, homoni ya usingizi inayouzwa kama kidonge: nyingine ilikuwa pungufu kwa asilimia 83 ya kilichoandikwa, nyingine imezidi kwa asilimia 478, na 8 zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya mwili, ambayo haikutajwa kabisa.

Hatua ya 5: Usiache tiba ya msingi. Tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kinashauri tiba ya kubadili fikra na tabia ianze kabla ya vidonge kwa mtu mzima asiyepata usingizi. Unaamka saa ileile kila siku, kitanda ni cha kulalia tu, na usingizi usipokuja kwa kama dakika 20 unatoka kitandani hadi uusikie tena. Haina gharama kubwa, ila inataka uvumilivu.

Maswali ya wanachama

*Mganga kasema niache diazepamu ghafla ndipo dawa yake ifanye kazi. Nifuate?*
Hapana, dada yangu. Kama umeitumia muda mrefu, kuiacha ghafla kunaweza kukuletea degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari.

*Hijama (kuumikwa) je?*
Ushahidi kwamba inaponya tatizo la usingizi ni mdogo. Ukiamua kwenda, hakikisha wembe ni mpya na umefunguliwa mbele yako. Kama una upungufu wa damu au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiende.

*Nanyonyesha. Chai ya kamomili ina shida?*
Kikombe kimoja kwa kawaida hakina neno, isipokuwa una mzio wa maua ya jamii hiyo. Unga wa mizizi usioujua, acha kabisa, mwanao anaweza kuupata kwenye maziwa.

*Mafuta ya lavenda nayanywa matone mangapi?*
Usinywe hata tone, kaka. Matone mawili kwenye kitambaa kando ya mto yanatosha, na chupa iwe mbali na watoto.