Siku tisa za kambi: namna ya kuiandaa timu ya taifa ya wanawake kwa mechi mbili za kufuzu

Dirisha la kimataifa la FIFA kwa soka la wanawake, lile la kawaida la mechi mbili, hufunguliwa Jumatatu asubuhi na kufungwa Jumanne usiku ya wiki inayofuata. Ndani ya siku hizo tisa timu kama Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, inacheza mkondo wa kwanza wa kufuzu WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, inasafiri, inacheza marudiano, kisha wachezaji wanarudi klabuni. Ukitoa siku za mechi, safari na mapumziko, benchi la ufundi linabaki na vipindi vitano vya mazoezi, na viwili kati ya hivyo lazima viwe vyepesi.

Kwa hiyo benchi lote likubaliane mapema kwamba pumzi haijengwi kambini. Mchezaji aliyefika akiwa mzito ataondoka akiwa mzito, na ukimkimbiza kwa nguvu ataondoka anachechemea. Kazi ya siku tisa ni kuipanga timu na kuilinda miili iliyokuja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mchezaji wa kwanza hajashuka kwenye gari.

Kabla ya Jumatatu

Barua za wito zimfikie mchezaji na klabu yake kwa wakati mmoja, kwa maandishi, siku 15 kabla ya dirisha kufunguliwa. Ukichelewa, klabu ina haki ya kukatalia mchezaji wake na huna pa kulalamika. Zamani kosa hili lilisameheka kwa sababu karibu kikosi kizima kilitoka Simba Queens, JKT Queens, Yanga Princess na jirani zao. Sasa wapo wachezaji kama Clara Luvanga aliyesajiliwa na Al-Nassr ya Saudi Arabia, na Aisha Masaka aliyepita BK Häcken ya Sweden kabla ya kwenda Brighton ya England. Klabu za namna hiyo husoma tarehe ya barua kabla ya kusoma jina.

Pamoja na barua, daktari wa timu aombe taarifa nne: dakika alizocheza mchezaji kwa wiki nne zilizopita, maumivu aliyonayo, dawa anazotumia, na kama klabu yake ina utaratibu wa kupasha misuli kama FIFA 11+. Hiyo ya mwisho wengi huipuuza. Tutaona hapa chini kwa nini ina uzito.

Damu ipimwe wiki sita kabla. Mwanamke asiye mjamzito akiwa na hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na akiba ya chini ya madini ya chuma humchosha mchezaji hata kabla kipimo hicho hakijashuka. Vidonge vya chuma huchukua wiki nyingi kufanya kazi. Ukigundua tatizo siku ya pili ya kambi umeshachelewa: atacheza dakika 60 nzuri na 30 za kutembea, halafu watu watasema ni mvivu.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, vinginevyo kadi haihesabiki. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Meneja wa timu azishike zote mkononi na kuzikagua yeye mwenyewe. Kuulizia kwa simu hakutoshi.

Posho na bonasi ziandikwe kwenye karatasi, zisainiwe na shirikisho na nahodha kabla ya mazoezi ya kwanza: kiasi gani kwa siku, kiasi gani kwa kushinda na kwa kufuzu, na zitalipwa lini. Mwaka 2016 Super Falcons wa Nigeria walitwaa ubingwa wa Afrika kisha wakagoma kutoka hotelini Abuja kwa kudai fedha zao. Mwaka 2023 Banyana Banyana wa Afrika Kusini waligomea mechi ya kirafiki dhidi ya Botswana siku chache kabla ya kwenda Kombe la Dunia, kwa sababu ya uwanja na malipo. Hizo ni timu mbili kubwa kuliko zote barani. Mzozo wa aina hiyo ukilipuka katikati ya kambi ya siku tisa hakuna muda wa kuutibu, na mara zote mwenye makosa ni aliyeahidi kwa mdomo.

Mabegi ya mtunza vifaa

Kwa wachezaji 24, wakiwemo makipa watatu: mipira 25 ya namba 5, ya aina ileile itakayotumika kwenye mechi, yenye uzito wa gramu 410 hadi 450; vizibao vya rangi tatu; na jezi zilizoshonwa kwa umbo la mwanamke. Jezi za wanaume zilizopunguzwa saizi hubana nyonga na kupwaya mabegani. Bukta ziwe za rangi ya kiza. Mchezaji aliye hedhini ndani ya bukta nyeupe ana mawazo mawili uwanjani, na moja si la mpira.

Pedi zipigiwe hesabu kama maji yanavyopigiwa. Mzunguko ni siku kama 28, hedhi kama tano, kambi siku tisa: hivyo karibu nusu ya kikosi, wachezaji 12, watakuwa hedhini siku fulani ndani ya kambi. Kila mmoja pedi 20, jumla 240, yaani pakiti 30 za nane nane. Ziwekwe kila bafu na pakiti moja kwenye begi la huduma ya kwanza pembeni ya uwanja, ili asiwepo wa kuja kuomba. Dawa ya maumivu ya tumbo ianze mapema, maumivu yanapoanza tu, na itolewe na daktari baada ya kukaguliwa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Vidonge alivyopewa mchezaji na ndugu yake vinaweza kuwa na prednisolone, na hicho kimekatazwa wakati wa mashindano.

Jumatatu hadi Alhamisi

Tuseme mkondo wa kwanza ni Ijumaa nyumbani na marudiano ni Jumanne ugenini.

Jumatatu wachezaji wanafika katika hali tofauti kabisa. Mmoja amecheza dakika 90 Jumapili, mwingine amekaa benchi wiki tatu, wa tatu ametoka kwenye baridi ya Ulaya na kushukia joto la Dar es Salaam. Wagawe makundi mawili kwa dakika zao. Jina lisitumike kugawa. Waliocheza zaidi ya dakika 60 mwishoni mwa wiki wafanye dakika 25 za kukimbia polepole na kunyoosha. Waliobaki wafanye kazi ya kweli ya dakika 60, mchezo wa wanne kwa wanne kwenye eneo dogo. Kosa linalorudiwa ni kuwachanganya wote siku ya kwanza kwa sababu kocha anataka kuona timu yake.

Jumanne ndicho kipindi kizito pekee: dakika 75, wachezaji 11 kwa 11, mfumo mzima. Jumatano dakika 60 za mbinu, bila mbio ndefu. Alhamisi dakika 45, mipira ya kutengwa na kona, kwenye uwanja wa mechi na kwa saa ya mechi. Hapo kocha akiona kitu hakijakaa sawa hushawishika kuongeza nusu saa. Asiongeze. Aoneshe kwa video jioni.

Kila kipindi kianze na FIFA 11+, dakika 20: mbio nyepesi, kisha nguvu, kuruka na mizani, kisha mbio za kasi. Wanawake hukatika kano ya mbele ya goti, ile ACL, mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume wa mchezo huohuo, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: ni kutua vibaya baada ya kuruka, au kugeuka ghafla goti likaingia ndani. Kwa hiyo mwalimu wa viungo asimame mbele yao, si pembeni, na aangalie goti wakati wa kutua. Likienda ndani ya mstari wa vidole vya mguu, arekebishe palepale.

Sasa lile swali la klabu. Ndani ya 11+ kuna zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele taratibu, la misuli ya nyuma ya paja. Asiyelizoea akipewa marudio 12 Jumatatu, Jumatano hawezi kupanda ngazi za hoteli. Mgeni wa zoezi hilo apewe matatu hadi matano tu. Siku ya mechi sehemu ya nguvu iachwe, zibaki zile mbili za mbio.

Sahani na chupa

Siku moja kabla ya mechi mchezaji anahitaji gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 360. Sahani ya wali uliopikwa ya gramu 200 ina kama gramu 55, kwa hiyo milo miwili mikubwa haitoshi. Gawanya siku nzima: uji na mkate asubuhi, ndizi saa 4, wali mchana, viazi au chapati jioni, juisi katikati. Wachezaji wengi wa kike hula kidogo kuliko wanavyokimbia, wengine kwa kuogopa maneno kuhusu miili yao. Aliyekosa hedhi miezi mitatu si kwamba "yuko fiti sana": huenda mwili wake unakosa chakula, na mifupa yake iko hatarini kupasuka. Apelekwe kwa daktari.

Dagaa, maini na nyama vitoe madini ya chuma. Mchicha na maharage viende na chungwa au ndimu ili chuma kifyonzwe vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa moja, maana huzuia chuma hicho.

Mechi ikiwa saa 10 jioni, mlo mkuu uwe saa 6:30 mchana, usiwe na mafuta mengi wala maharage.

Kila mmoja apimwe uzito kabla na baada ya mazoezi, peke yake na daktari, na namba isibandikwe ukutani. Kipimo hiki ni cha maji. Aliyepungua kilo 1 anywe lita 1.5 kidogo kidogo kwa saa chache zijazo. Mwenye kilo 60 akipoteza zaidi ya kilo 1.2 kasi yake inashuka, na kwa unyevu wa Dar hilo hutokea haraka.

Usalama wa kambi

Awepo daktari au mtaalamu wa viungo mwanamke. Matibabu yafanyike mlango ukiwa wazi au akiwepo mtu wa pili. Mwanaume yeyote wa benchi, kocha mkuu akiwemo, haingii chumbani kwa mchezaji. Vikao ni ukumbini. Wachezaji wapewe namba ya kiongozi asiye wa benchi, wa kumpigia iwapo kuna linalowasumbua, kwa sababu hakuna anayemshitaki mtu anayepanga kikosi kwa mtu huyohuyo.

Mikondo miwili, hesabu moja

Soma kanuni za hatua husika kabla ya kupanga kikosi: je, mabao ya ugenini yana uzito, na sare ya jumla inakwenda muda wa nyongeza au moja kwa moja kwenye matuta? Katika safari ya kufuzu WAFCON 2024, Twiga Stars chini ya Bakari Shime walifungwa 2-0 na Ivory Coast ugenini, wakashinda 2-0 nyumbani na kupita kwa penalti. Raundi iliyofuata waliifunga Togo 3-0 nyumbani, wakapoteza 2-0 ugenini na kufuzu kwa bao moja la ziada. Bao la tatu lililofungwa nyumbani ndilo lililowapeleka kwenye fainali za Morocco. Timu inayoongoza 2-0 Ijumaa isirudi nyuma kulinda wakati mpinzani amechoka. Ibadilishe mawinga, iende kutafuta la tatu.

Mabadiliko ni matano katika nafasi tatu, ukiacha mapumziko. Tumia mawili kwa walioingia kambini na dakika nyingi za klabu, maana baada ya siku nne wanacheza tena.

Penalti zifanyiwe mazoezi mwisho wa kipindi, miguu ikiwa imechoka, kila mpigaji akitembea peke yake kutoka katikati ya uwanja. Penalti tatu kwa kila mmoja zinatosha. Orodha iwe ya wote 11, kwa sababu wanaoruhusiwa kupiga ni waliokuwa uwanjani filimbi ya mwisho ilipolia, na wale watano wako bora wanaweza kuwa wameshatolewa. Kipa akumbushwe kuwa walau sehemu ya mguu mmoja iwe kwenye mstari au nyuma yake mpira unapopigwa.

Safari na Jumanne

Ondokeni Jumamosi. Kutoka Dar kwenda Lomé au Abidjan saa zinarudi nyuma tatu, kwa hiyo wachezaji wataamka alfajiri mno. Siku ya kwanza wasilale mchana zaidi ya nusu saa. Kwenye ndege watembee kila baada ya saa moja. Viatu vya mechi na jezi seti moja viende kwenye begi la mkononi, mizigo ya chini hupotea kwenye kuunganisha ndege. Mkienda Addis Ababa, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, mpira huruka mbali na haraka kuliko ulivyozoeleka pwani: makipa na wapiga krosi ndio wapewe dakika nyingi za mazoezi Jumatatu, wengine wapumue.

Jumapili ni kutembea, kunyoosha na kula. Jumatatu dakika 40 kwenye uwanja wa mechi. Kagua nyasi kwanza, kisha uamue njumu: kwenye nyasi bandia zitumike zenye meno mafupi na mengi, kwani meno marefu hushika chini na goti ndilo linalogeuka.

Baada ya marudiano, kabla ya saa ya kulala, daktari aandike ukurasa mmoja kwa kila mchezaji: dakika alizocheza, maumivu, dawa alizopewa, na siku anayopaswa kuanza mazoezi mazito. Ukurasa huo utumwe klabuni Jumatano asubuhi, siku ileile mchezaji anapoanza safari ya kurudi.