Lori la petroli la zamani linazunguka lakini haliwaki: pima moto kwanza, kabureta baadaye

Maelezo haya ni ya lori au pikapu ya petroli yenye kabureta na distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme) ya kontakti, yaani ncha mbili za chuma ndani yake zinazokutana na kuachana ili cheche itoke (wengine huziita platini). Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo haihusiki. Hali yenyewe ni hii: unapiga stata, injini inazunguka vizuri, lakini haishiki.

Wengi hukimbilia kufungua kabureta. Ni kazi chafu na mara nyingi ni ya bure, kwa sababu kabureta huharibika polepole na hutoa dalili mapema: gari hukosa nguvu, hunuka petroli, husinzia likisimama. Gari lililowaka jana bila shida na leo limegoma kabisa, shuku moto, yaani umeme wa cheche, kwanza.

Andaa multimita, taa ya kupimia ya volti 12, geji ya mapengo, spana ya plagi, plagi moja nzima ya kupimia, msasa laini, chupa inayoonyesha ndani na kizima moto. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo. Ipumzishe kama dakika moja, la sivyo utaiunguza.

Hatua ya 1: Betri na ethi

Betri iliyojaa husoma volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kabla ya kupima kitu kingine. Kisha pima huku mwenzako akipiga stata: isishuke chini ya 9.6. Betri dhaifu hudanganya sana hapa. Stata inavuta karibu umeme wote, injini inazunguka, lakini koili (kifaa kinachopandisha volti za betri hadi zirushe cheche) inaachiwa mabaki yasiyotosha kutoa cheche.

Ethi nayo (njia ya umeme kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini): weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Ukiona zaidi ya volti 0.5, waya wa ethi umelegea au una kutu mahali.

Hatua ya 2: Je, cheche ipo?

Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya kupimia, na uilaze plagi hiyo juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta. Shika waya kwa koleo lenye mpini wa mpira. Piga stata.

Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na unaisikia ikipiga "tak, tak". Ikiwa ya njano au nyekundu na nyembamba, ihesabu kama haipo: hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda ni ngumu kwa cheche kuvuka kuliko hewa ya nje, kwa hiyo inayosuasua nje itazimika ndani.

Kama hakuna cheche, chomoa waya wa katikati wa kofia ya distribyuta, yaani ule unaotoka kwenye koili. Uweke ncha yake milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, piga stata tena. Cheche ikiruka hapa, nenda hatua ya 3. Isiporuka, nenda hatua ya 4. Kipimo hiki kimoja kinakuokolea saa nzima.

Hatua ya 3: Koili inatoa, plagi haipati

Vua kofia ya distribyuta uipeleke kwenye mwanga. Tafuta ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi kama uliochorwa kwa penseli kati ya nguzo na nguzo. Mstari huo ni kaboni, na umeme unapita humo kwenda ethi. Kuufuta hakusaidii kwa muda mrefu, badilisha kofia. Angalia kitufe cha kaboni cha katikati kama bado kinachomoza, na rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia) kama haijaungua au kutoboka. Kukiwa na unyevu tu, kausha kwa kitambaa kikavu ujaribu tena.

Hatua ya 4: Hata koili haitoi

Washa funguo bila kupiga stata. Pima nguzo chanya ya koili. Kontakti zikiwa wazi unapaswa kupata karibu volti 12. Zikiwa zimefunga, gari lenye rezista ya koili (kipunguza volti) huonyesha takriban volti 5 hadi 8, na hilo ni sawa. Usipopata kitu kabisa, fuata waya kurudi nyuma: fyuzi, swichi ya funguo, viungio.

Sasa unganisha taa ya kupimia kati ya nguzo hasi ya koili na ethi, upige stata. Taa ikipepesa, kontakti zinafungua na kufunga, na lawama inahamia kwa koili au kondensa (kikopo kidogo kinachozuia kontakti kurusha moto). Taa ikibaki imewaka bila kupepesa, kontakti hazishikani: zimeungua, zina uchafu, au rota haizunguki kabisa.

Taa ikiwa imezimika muda wote, chomoa waya mdogo unaotoka nguzo hasi kwenda distribyuta. Ikiwaka, koili ni nzima: kuna shoti ndani ya distribyuta, kondensa imekufa, au kontakti hazifunguki. Ikibaki imezimika wakati nguzo chanya ina umeme, koili imekatika ndani.

Kontakti: zungusha injini mpaka mguu wa kontakti ukae juu kabisa ya nundu ya shafti, ndipo uweke geji. Magari mengi hukaa kati ya milimita 0.35 na 0.50, kama huna kitabu cha gari, anza na 0.40. Mguu huo husagika, pengo likapungua, na cheche ikachelewa. Ndiyo maana gari huwa zito kabla ya kugoma. Kontakti zikiwa nyeusi, zipige msasa kidogo, kisha pitisha kipande cha kadi safi katikati. Usiruke hiyo kadi: mafuta ya kidole peke yake yanatosha kuzuia umeme, na kontakti mpya mara nyingi hugoma kwa sababu hiyo hiyo.

Kondensa iliyochoka utaijua kwa moto mkubwa unaoruka kwenye kontakti zinapofunguka, huku cheche ya plagi ikiwa hafifu. Ni kifaa kidogo; kibadilishe bila kubishana nacho.

Koili ya kawaida husoma takriban omu 3 kati ya nguzo mbili ndogo, na ya gari lenye rezista karibu 1.5. Kutoka nguzo ndogo hadi tundu la katikati, tarajia omu 6,000 hadi 15,000. Ipime pia ikiwa ya moto, maana nyingine hufa zikipata joto na kufufuka zikipoa.

Dalili moja haihitaji kipimo: injini inashika wakati stata inapiga, kisha inazima mara tu unapoachia funguo. Stata ikipiga, umeme wa koili unapita njia ya mkato. Ukiachia, unapita kwenye rezista. Basi rezista imeungua, au waya wake umekatika.

Hatua ya 5: Ng'oa plagi

Cheche ipo? Ng'oa plagi baada ya kupiga stata kidogo. Ikiwa mbichi kwa petroli, mafuta yanafika. Ikiwa kavu kabisa, hayafiki. Pengo la plagi liwe milimita 0.6 hadi 0.8.

Hatua ya 6: Mafuta

Injini ikiwa imezimwa, ondoa chujio la hewa, mulika kwa tochi kooni mwa kabureta (si kwa kiberiti) na uvute kamba ya akselereta. Ukiona petroli ikichuruzika kwa nguvu, bakuli la kabureta lina mafuta. Usipoiona, mimina kooni kijiko kimoja cha chai cha petroli, rudisha chujio la hewa ili moto ukirudi usikuunguze uso, piga stata. Ikishika sekunde mbili tatu na kuzima, cheche iko sawa na shida ni mafuta kufika.

Chomoa waya wa katikati wa koili uuweke ethi. Toa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, piga stata sekunde 10. Pampu nzima hutema kwa mapigo yenye nguvu. Ikitema kidogo, badilisha filta, kisha kagua mpira wa kati ya tangi na pampu. Mpira huo ukipasuka unaweza usivuje hata tone. Unanyonya hewa, na pampu nzima inaonekana mbovu. Fungua pia mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu lake la kupumulia limeziba.

Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, huenda ngozi ya pampu imechanika. Usiwashe injini mpaka ubadilishe pampu na oili.

Pampu ikiwa nzuri na bakuli bado tupu, huenda sindano ya kuelea (inayofungulia petroli kuingia bakulini) imeganda. Gonga pembeni mwa bakuli kwa mpini wa bisibisi. Ikiachia, huenda kuna kutu tangini na itaganda tena.

Kinyume chake, plagi zote zikiwa zimelowa, fungua choki (mlango wa hewa wa kabureta), kanyaga pedali hadi chini bila kuipampu, upige stata sekunde 10.

Hatua ya 7: Vyote vipo, bado haiwaki

Hapo cheche inakuja wakati mbaya. Hakikisha mpangilio wa waya: injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, na za sita kwa mstari ni 1-5-3-6-2-4. Leta pistoni ya kwanza juu ikiwa inagandamiza. Utajua kwa hewa inayosukuma kidole kwenye tundu la plagi. Rota iwe inaelekea waya namba 1. Ikielekea upande wa pili kabisa, distribyuta ilirudishwa kinyume: iinue, igeuze nusu mzunguko, uirudishe. Rota isipogeuka kabisa wakati stata inapiga, cheni au gia za taimingi zimekatika, au gia inayozungusha distribyuta.